Moshi mpaka Vipingo na fimbo za gofu: mabwawa, upepo wa kusi na kedi anayejua kazi yake

Nimesharudi Moshi, picha nimezipanga na kile kidaftari changu bado kinasomeka, kwahiyo ngoja niandike hii safari yote maana watu wa klabu wananiuliza kila siku ilikuwaje, ilikuwa bei gani, na yale maji ya Vipingo ni kweli yanatisha kama wanavyosema. Tulienda mimi na wifi yangu, mwezi wa nane, na lengo lilikuwa moja tu, kucheza ule uwanja wa Baobab pale Vipingo Ridge, kaskazini ya Mombasa. Mombasa yenyewe tukaifaidi njiani.

Jumatatu: Moshi, Holili, Voi, Mombasa

Tulipanda basi asubuhi. Mifuko ya gofu tulikuwa tumeifunga na mashuka ya kimasai, tabaka mbili, af tukaikaza na kamba kwasababu kwenye buti ya basi kuna magunia ya vitunguu na madumu na huwezi kujua nini kitalalia nini. Konda akataka hela ya mzigo, tukaongea vizuri tukamalizana elfu tano ya Tanzania kwa mifuko yote miwili.

Holili mpakani siku hizi ni jengo moja, unagonga muhuri wa kutoka Tanzania unasogea dirisha lingine unagonga wa kuingia Kenya, haikuchukua muda. Beba pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia usiiache hata kama hujaulizwa safari iliyopita. Hela tulibadilisha pale pale Taveta, shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu ishirini ya kwetu. Na sajili laini ya simu ya Kenya mapema uweke M-Pesa, maana huko kuanzia tuktuk mpaka dafu watu wanalipa kwa simu na chenji ni shida.

Kutoka Taveta hadi Voi ni lami nzuri, unapita katikati ya Tsavo, udongo mwekundu na tembo nao wekundu kwa kujimwagia lile vumbi. Wifi aliwaona watatu karibu na Maktau, mimi nilikuwa nimesinzia. Voi tukashika ile barabara kuu ya Nairobi Mombasa, malori ndo usiseme.

Tulipita Maungu vizuri, mbele kidogo tairi la nyuma likapasuka. Spea ipo ila haina upepo. Tukakaa pale juani zaidi ya saa moja na nusu mpaka dereva mmoja wa lori aliyekuwa anashuka bandarini akasimama mwenyewe bila kupungiwa mkono, akatoa jeki yake kubwa na kompresa, akavua shati akaingia chini ya basi pamoja na utingo wetu. Walipomaliza abiria tulichangishana hela ya soda, akakataa, akasema nyie mna watoto humo ndani wanunulieni maji. Kweli Mackinnon Road, pale kwenye ule msikiti wa Sayyid Baghali ulio kando ya barabara, basi lilisimama na watoto wakapata maji na sisi tukanawa uso.

Mariakani foleni ya malori, Miritini foleni, Changamwe foleni. Tukashuka Mwembe Tayari usiku, tukachukua tuktuk hadi chumba chetu upande wa Nyali, sio mbali na Kongowea. Chumba shilingi 3,000 ya Kenya kwa usiku, vitanda viwili, feni. Mama mwenye nyumba alikuwa hajalala, anatungoja na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikamwambia mama tumechelewa sana samahani, akasema, "Hebu nawa mikono mwanangu, njia ya bara naijua mimi. Kula kwanza, maneno kesho."

Jumanne: Mombasa Golf Club, kisiwani

Huu ulikuwa mpango wetu toka nyumbani, tusiende Vipingo moja kwa moja. Sisi tumezoea Moshi, uko juu ya usawa wa bahari mita mia nane na kitu, hewa nyepesi, na upepo wetu sio wa kutisha. Ukishuka pwani mpira unapungua safari. Sio sana, kwa urefu ule wa Moshi ni kama asilimia tatu hivi, yaani fimbo inayokupeleka yadi 120 nyumbani inakupeleka 116. Kwenye fewei ya kawaida (ile njia ya nyasi fupi kuelekea shimo) yadi nne hazikuumizi. Mbele yako kukiwa na maji, yadi nne ndo tofauti ya kuwa kwenye nyasi na kuwa chini ya bwawa. (Watu wengi watakwambia ni kwasababu hewa ya pwani ina unyevu kwahiyo ni nzito. Hapana. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu, na joto nalo linasaidia mpira. Kinachokupunguzia ni kushuka toka mlimani.)

Mombasa Golf Club ni ya mwaka 1911, mashimo tisa, iko barabara ya Mama Ngina kwenye ukingo wa bahari kabisa, chini yako mawe na mawimbi, na ukiinua macho unaziona meli zinaingia Kilindini na feri za Likoni zinavuka. Ukiuzungusha mpira kidogo tu upande usiofaa umeupa Bahari ya Hindi. Kwa mtu wa bara ni darasa zuri mno kabla hujaenda kwenye mabwawa ya Vipingo.

Kedi wetu pale, yaani mbeba fimbo na mshauri wako uwanjani, alikuwa mzee, mpole, hana maneno mengi. Wifi alikuwa anarusha vinyasi hewani kupima upepo kama tunavyofanya wote, mzee akamwacha afanye mara kadhaa, halafu akamwambia, "Mama, hapa chini upepo ni wa miguu. Mpira waenda kule juu. Tazama makuti ya ule mnazi." Na kweli, chini kwetu vinyasi vinaanguka taratibu, kule juu makuti yote yamelala upande mmoja. Kuanzia hapo tukaacha vinyasi.

Tulipomaliza tukatembea hapo nje Mama Ngina, mihogo ya kukaanga ya moto na ndimu na pilipili ya unga, shilingi 50, na madafu. Tukakaa pale muda mrefu kuangalia meli ya makontena inapita karibu hadi unaona watu juu yake.

Kwa anayekuja: usiondoke Mombasa bila kucheza hapa hata kama umefuata viwanja vikubwa. Na kama una muda Nyali Golf and Country Club nayo ni mashimo 18 na iko karibu na makazi ya bei nafuu, sisi muda haukutosha.

Jumatano: siku ya pata ya wifi

Asubuhi mahamri na mbaazi kwa mama, chai ya maziwa yenye iliki. Ilinyesha mvua fupi ikakata. Tulikuwa tumepanga kufanya mazoezi ya fimbo za karibu, badala yake asubuhi yote ikaisha kutafuta pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Wakati wa kurudi jana yake ilichomoka kwenye mfuko ikabaki nyuma ya siti ya tuktuk, na hatukujua mpaka tunafungua mifuko. Wifi akakaa kitandani kimya. Ile pata alipewa na marehemu baba yake.

Namba ya yule dereva hatuna. Tukaenda steji ya tuktuk Kongowea tukaeleza, kijana mmoja akaanza kupiga simu kwa wenzake, mwingine akasema nyie mmekuja na mwenye tuktuk ya bluu yenye maandishi nyuma, maandishi gani, tukakumbuka, akacheka akasema huyo namjua anaishi Kisauni. Wakaturudisha kwa mama tukasubiri. Saa saba mchana tunasikia honi getini, dereva mwenyewe, pata ameifunga kwenye leso ya mkewe isikwaruzwe. Alikuwa ameshaenda kutuuliza kule klabu kisiwani, akaambiwa tumeshaondoka, akarudi. Hela akakataa kabisa, tukaelewana tu kwamba yeye ndo atatupeleka popote mpaka tuondoke. Mama akamuingiza ndani akala.

Jioni akatupeleka Mji wa Kale, kahawa chungu na haluwa, af kwa mtu anayeuza mipira ya gofu iliyotumika. Nilinunua kumi na mbili kwa 80 kila mmoja. Chagua inayong'aa na isiyobadilika rangi, mpira uliokaa sana chini ya maji unapoteza nguvu yake na kwa nje unaweza usijue. Mipira mipya niliiweka kwa ajili ya mashimo yasiyo na maji.

Alhamisi: Vipingo Ridge

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Tuktuk haiendi huko, kwahiyo yule dereva akatuletea binamu yake mwenye gari, 6,000 kwenda kusubiri na kurudi, tukagawana. Unaweza kupanda matatu ya Kilifi ukashuka Vipingo af bodaboda, hela kidogo sana, ila na mfuko wa gofu mgongoni mwa boda mimi sikushauri. Ni kilomita kama 35 tu lakini ile barabara ilikuwa inapanuliwa, kuna michepuko na vumbi, na Mtwapa ikishafika saa moja kamili foleni inakaa kama imefungwa na kufuli. Tuliipita kabla. Baada ya Kikambala kukaanza mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka unapochoka kuangalia, na mtu wa Tanga angejisikia nyumbani.

Bei ya kucheza hapo ndo ilikuwa gharama kubwa kuliko zote za safari, na inatofautiana kwa mwenyeji, mgeni na siku za wiki, kwahiyo piga simu kabla uulize bei yako wewe na uweke nafasi. Katikati ya wiki uwanja unapumua, wikendi kuna mashindano ya wanachama.

Uwanja ni wa David Jones, mchoraji wa viwanja kutoka Ireland ya Kaskazini, par 72 (par ni idadi ya mikwaju inayotarajiwa), na umepewa hadhi ya PGA, chama cha wachezaji gofu wa kulipwa. Uko juu kwenye kilima, mibuyu mikubwa imeachwa ilipokuwa, na kuna sehemu unasimama kwenye ti, pale unapoanzia kupiga, unaiona bahari kule chini yote. Mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalichezwa hapa, mwaka 2019 alishinda Esther Henseleit wa Ujerumani, 2023 akashinda Aditi Ashok wa India kwa tofauti ya mikwaju 9, 2024 Shannon Tan wa Singapore. Kwa sisi wanawake wawili toka Moshi kusimama pale waliposimama wale mabinti, jamani, nilisisimka, wifi alipiga picha ti ya kwanza mpaka tukaambiwa tusogee.

Kedi wangu alikuwa kijana wa Kigiriama, mzaliwa wa hapo hapo karibu. Mashimo ya mwanzo yalienda vizuri sitayasimulia, mabanka (vile vishimo vya mchanga) ni mengi na mchanga mzuri, grini, yaani zile nyasi fupi kabisa zenye shimo, zinakwenda kasi kuliko zetu.

Halafu tukafika kwenye shimo fupi lenye bwawa mbele na kushoto. Kutoka ti ya wanawake kipimo kilisema yadi 118. Nyumbani hiyo ni ayani saba yangu bila kufikiri (ayani ni fimbo za chuma, namba ikipanda umbali unapungua). Nikaitoa. Kedi hakunikataza, akasimama tu na mkono kwenye mfuko, akaniuliza, "Dada, ulisema umetoka Moshi?" Nikasema ndio. "Na makuti yasemaje?"

Mnazi mmoja ulikuwa nyuma ya grini mbali kidogo. Makuti yalikuwa yanatuelekea sisi. Kusi tupu, upepo wa kutoka kusini, usoni.

Akanieleza kitu ambacho kwangu mimi ndo kilikuwa thamani ya safari nzima. Mashindano yale ya 2023 na 2024 yalichezwa Februari, na Februari huku ni kaskazi, upepo wa kutoka upande wa kaskazini. Wale mabinti kwenye shimo hili walikuwa na upepo mgongoni, kazi yao ilikuwa kuuzuia mpira usipitilize grini. "Nyie mmekuja mwezi wa kusi. Maji ni yale yale, shimo limegeuka." Kwahiyo hata mtu akiwa ameangalia video zote za wale wachezaji akanakili fimbo zao anajidanganya, anacheza shimo lingine kabisa. Mabwawa hayasogei, ila kila nusu mwaka upepo unayahamisha, mara yanakuwa mbele yako hasa, mara yanakuwa pambo.

Akanipa haibridi, fimbo ya kupiga mbali zaidi. Haibridi ya yadi 118! Mkono ulikataa kidogo. Akasema piga nusu ya nguvu, chini, lenga kulia mwa bendera, kushoto achana nako. Nikapiga. Mpira ukapanda kidogo, ukasimama hewani kana kwamba umeshikwa, ukashuka yadi kama tano tu baada ya maji, ukadunda ukaingia grini. Tano tu. Na ayani saba ungekuwa wapi?

Wifi yeye anapiga mbali kuliko mimi, alichukua ayani sita akiwa na mahesabu yake na ulikuwa mkwaju mzuri sana, safi, upepo ukavuma wakati mpira uko juu, ukatua ukingoni ukarudi ndani ya bwawa. Hapa nieleze sheria kwasababu hata klabuni kwetu tunabishana. Tangu 2019 hayaitwi tena hatari ya maji, yanaitwa eneo la adhabu. Vigingi vya njano: unaongeza mkwaju mmoja, ama unarudia pale pale ulipopigia, ama unarudi nyuma ya maji kwenye mstari unaoanzia kwenye shimo na kupita pale mpira ulipovukia mwisho mpaka wa eneo. Vigingi vyekundu: hizo mbili zote unazo, na ya tatu, unadondosha upande ndani ya urefu wa fimbo mbili toka pale ulipovukia, bila kusogelea shimo. Unadondosha toka usawa wa goti, sio bega. Na mpira ukionekana unaweza kuupiga ulipo bila adhabu, hata fimbo unaruhusiwa kuigusisha chini kabla ya kupiga, zamani ilikuwa marufuku. Kitu kingine, kama unajua wazi umeingia majini huruhusiwi kupiga mpira wa akiba, huo ni kwa mpira ambao huenda umepotea nje ya eneo la adhabu au umetoka nje ya uwanja.

Wifi alirudi nyuma ya maji kwenye mstari, akachagua umbali anaoupenda wa wedji kamili (fimbo ya mikwaju mifupi ya juu), yadi 80, badala ya kusogea hadi ukingoni na kulazimika kupiga ka-mkwaju ka nusu juu ya maji. Akaweka mpira mita mbili toka shimo, na ile pata ya baba yake ikaumaliza. Bogi, mkwaju mmoja tu juu ya par! Kedi wake alipiga makofi. Mimi nilipata par yangu na nilifurahia bogi ya wifi zaidi.

Kuanzia pale kila penye maji tulikuwa tunafanya vile vile, tunaangalia makuti, tunatafuta upande ambao ukikosea haukuui, halafu ndo tunaangalia bendera. Shimo moja la par 5 nililicheza kwa mikwaju mitatu mifupi nikakwepa bwawa lote, kedi akaniambia wanaume wengi hapo hawakubali, na mipira yao ndo ile inayouzwa mjini.

Mchana upepo uliongezeka kweli kweli. Ukiweza pata nafasi ya asubuhi mapema, na maji ya kunywa beba zaidi ya unavyodhani, sisi watu wa mlimani joto lile linatumaliza kimya kimya. Tuliona pundamilia upande wa pili wa uzio wakati tunamaliza. Kedi ana malipo yake, ila huyu tulimuongezea 1,000 kila mmoja juu na ingekuwepo zaidi tungetoa.

Kurudi, Mtwapa ilitushika saa nzima. Tukanunua viazi karai dirishani na ukwaju na tukarudia mashimo yote kwa mdomo mpaka binamu wa dereva naye akaanza kuuliza maswali ya gofu.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa hatukucheza, miguu ilikataa. Mama alipika pilau akatualika, baada ya swala watu wakaja nyumba ikajaa, na wifi akaeleza lile bwawa kwa mashangazi ambao hawajawahi kuona gofu na walimsikiliza kweli. Mmoja alikuwa mjane wa mvuvi, akasema mumewe kwa upepo ule asingeshusha ngalawa mchana, angetoka na umande akarudi mapema. Nikamwambia basi kedi wetu na mumeo wangeelewana.

Jumamosi basi la kurudi, barabara safi, hakuna cha kusimulia hadi Taveta. Yule dereva wa tuktuk alitusindikiza mpaka buti ya basi ikafungwa, akahakikisha mifuko iko juu ya magunia.

Diani kuna uwanja wa Leisure Lodge, nao mashimo 18, na sasa kwa njia ya Dongo Kundu unatoka Miritini hadi kusini bila kupanga foleni ya feri Likoni, huo tumeuacha kwa safari nyingine. Vipingo tunarudi kwenye kaskazi, Januari mwishoni au Februari, nataka nisimame kwenye lile shimo upepo ukiwa mgongoni nione kama ayani nane itatosha. Anayetaka kuungana nasi aniambie mapema, gari la watu wanne na mifuko minne linagharimu karibu sawa na la wawili, na mama ana chumba kingine kikubwa huko nyuma.